Stenti Imefunguka, Lakini Imefunguka Kiasi Gani?

Mhariri wetu ameniomba niandike somo moja la tiba ambalo mtu wa uhandisi, wa uchumi na wa udaktari wote wataweza kulisoma na kulimaliza. Nami nimechagua jambo ninalokutana nalo kila wiki: kupiga picha ya stenti ya moyo kutoka ndani ya mshipa wenyewe, mara tu baada ya kuwekwa. Sababu yangu ni moja. Wengi wetu tuna wazee nyumbani wenye presha na kisukari, na simu ikilia usiku swali huwa lile lile: "Kazibuliwa mshipa, sasa si amepona?" Somo hili litakusaidia kujibu swali hilo vizuri zaidi kuliko kusema "inshallah" na kukata simu.

Nieleze kwanza nafasi yangu. Mimi si daktari, ingawa nyumbani kila anayesomea mambo ya hospitali Uingereza huitwa daktari hata akikataa. Nasomea sayansi ya vipimo vya moyo, na mafunzo kwa vitendo nayafanyia kathlabu, yaani chumba ambamo mishipa ya moyo inapimwa na kuzibuliwa kwa kupitisha mirija myembamba kutoka mkononi au kwenye paja. Daktari anaendesha waya na puto. Mimi nakaa kwenye mashine ya picha, napima milimita na kuzisoma kwa sauti. Kwa hiyo nitakayoyasema hapa nayasema kama mpimaji.

1. TUANZE NA MSHIPA WENYEWE

Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini nao ni msuli, unahitaji kulishwa. Ateri zinazoulisha ni ndogo: kipenyo chake kwa kawaida ni kati ya milimita 2 na 4 hivi, yaani pungufu ya mrija wa kunywea soda. Ndani ya ukuta wa ateri hizo, kwa miaka mingi, hujengeka ukoko wa mafuta, seli, nyuzi na kalsiamu. Nauita ukoko, lakini msije mkadhani ni kama ule wa wali unaoshika juu ya sufuria. Ukoko wa ateri unakua NDANI ya ukuta, unausukuma ukuta uje katikati, mpaka njia ya damu inabana. Shikeni neno hilo "ndani ya ukuta", maana tutalirudia.

Mwezi wa Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Gruentzig alimfungulia mgonjwa ateri ya moyo kwa puto dogo bila kumpasua kifua. Ilikuwa mara ya kwanza. Tatizo lilikuwa kwamba puto likitolewa, mshipa mara nyingine hujikunja tena. Ndipo mwaka 1986, Jacques Puel huko Toulouse na Ulrich Sigwart huko Lausanne wakaanza kuweka stenti kwa binadamu: kijibomba cha wavu wa chuma, wengine nyumbani wanakiita springi, ambacho hubaki ndani ya mshipa kikiushikilia. Kuanzia mwaka 2002 zikaingia sokoni Ulaya stenti zilizopakwa dawa ya kuzuia tishu isiote kupita kiasi na kuziba njia tena.

Stenti nyingi huja zimebanwa juu ya puto. Daktari anaifikisha mahali pake, analijaza puto, stenti inatanuka na kujibandika ukutani, kisha puto linatolewa. Hapo ndipo swali la somo letu linapoanza: je, imetanuka kiasi kinachotakiwa? Inagusa ukuta pande zote? Kingo zake zimeacha jeraha?

2. KIVULI HAKISEMI KILA KITU

Njia ya kawaida ya kutazama ni angiografia. Dawa ya rangi inaingizwa kwenye ateri, eksirei inapigwa, na kwenye skrini unaona mto mweusi ukipita. Ni kipimo kizuri sana na bila hicho hakuna kazi. Lakini kumbukeni, hicho ni kivuli cha damu iliyochanganyika na rangi. Ukuta wenyewe huuoni, na ukoko, kama tulivyosema, uko ndani ya ukuta.

Kivuli hudanganya kwa njia tatu. Kwanza, njia ya damu si duara kamili kila mahali. Ikiwa na umbo la yai, upande mmoja itaonekana pana, upande mwingine nyembamba. Pili, rangi hupenya matundu ya wavu wa stenti. Stenti inaweza kuwa inaning'inia katikati bila kugusa ukuta, rangi ikajaa mbele na nyuma yake, na kivuli kikaonekana kimejaa vizuri kabisa. Tatu, mshipa ukiwa na ukoko kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna sehemu nzima ya kulinganisha nayo. Unalinganisha pabaya na pabaya zaidi, halafu unasema "pametengemaa".

Sasa ndugu zangu wa hesabu, hebu tazameni jambo hili. Stenti ya kipenyo cha milimita 3.0 ikifunguka yote ina eneo la milimita za mraba 7.07. Ikifunguka mpaka 2.4 tu, jicho kwenye skrini litasema "imepungua kidogo, asilimia 20". Lakini eneo la 2.4 ni 4.5. Yaani mlango wa damu umepungua asilimia 36! Eneo hufuata mraba wa kipenyo, kama tulivyofundishwa sekondari, na damu haijali jicho limeona nini.

3. VYOMBO VIWILI: SAUTI NA MWANGA

Ili kutoka kwenye kivuli, tunaingia ndani. Vyombo ni viwili.

Cha kwanza ni ultrasaundi ya ndani ya mshipa, kwa kifupi IVUS. Ni ndugu wa ile ultrasaundi ya mama wajawazito, ila kipaza sauti chake kimepunguzwa kikakaa kwenye ncha ya katheta yenye unene wa milimita 1 hivi. Inatumia mawimbi ya sauti ya megahezi 20 hadi 60. Katheta inapitishwa juu ya waya hadi ng'ambo ya stenti, kisha mota inairudisha polepole huku ikipiga picha za duara moja baada ya nyingine, kama mtu anayekata mkate vipande na kukitazama kila kipande. Sauti inapita kwenye damu bila shida na inaingia ukutani milimita kadhaa, kwa hiyo unaona unene wote wa ukuta.

Cha pili kinatumia mwanga wa infraredi badala ya sauti. Kwa kifupi kinaitwa OCT, na asili yake ni kazi ya David Huang, James Fujimoto na wenzao, iliyochapishwa mwaka 1991 huko Marekani, ambayo leo madaktari wa macho wanaitumia kila siku. Kinaona kwa undani sana: vitu vya mikromita 10 hadi 20, ambapo IVUS ya kawaida inaona kuanzia 100 hivi. Nyuzi za stenti za siku hizi zina unene wa mikromita 60 hadi 80 tu, kwa hiyo kwenye OCT unaziona moja moja, zinang'aa kama nyota na kila moja ina kivuli nyuma yake. Lakini mwanga haupiti kwenye damu. Lazima damu isafishwe kwa sekunde chache kwa kusukuma dawa ya rangi, na mwanga wenyewe unaingia ukutani milimita 1 hadi 2 tu.

Kwa hiyo ipi bora? Swali hilo tunaulizwa kila siku, na jibu ni: mgonjwa gani? Mwenye figo dhaifu hatufurahii kumwongezea dawa ya rangi, kwa hiyo IVUS inamfaa zaidi. Mlango wa ateri, pale inapochipuka kutoka kwenye mshipa mkuu wa mwili, ni vigumu kupasafisha damu, napo IVUS inashinda. Ukitaka kujua kama kuna bonge dogo la damu au wavu haujagusa ukuta kwa robo ya milimita, OCT haina mpinzani.

4. FUNZO LA MILANO, 1995

Kisa hiki napenda kuwasimulia wanaodhani kupiga picha ni anasa. Miaka ya mwanzo ya 1990, stenti zilikuwa zinaogopwa. Baadhi ziliziba kwa bonge la damu siku chache baada ya kuwekwa, na kuzuia hilo wagonjwa walipewa dawa kali za kuyeyusha damu kwa pamoja, wakatokwa damu na kulazwa siku nyingi. Wengi waliamini tatizo ni chuma chenyewe: damu haipendi chuma, basi.

Antonio Colombo na wenzake wa Milano wakaingiza IVUS ndani ya stenti ambazo kwenye angiografia zilionekana safi. Wakakuta nyingi hazijafunguka vya kutosha. Wakarudia kuzitanua kwa puto lenye shinikizo kubwa, wakapima tena, na zilipotimia vipimo vyao wakawaacha wagonjwa bila zile dawa kali, wakiwapa tu dawa za kuzuia chembe sahani zisishikane. Mabonge yakapungua sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na yakabadilisha kazi duniani kote.

Angalieni lililotokea. Hata hospitali ambazo hazikuwa na IVUS zilijifunza kutumia shinikizo kubwa. Chombo kimoja Milano kilifundisha mikono ya watu ambao hawakuwahi kukiona.

5. MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Hapa ndipo penye somo lenyewe, wenye kalamu waandike. Stenti ikishawekwa, narudisha katheta ndani na tunakagua mambo matano. Kila moja lina swali la pili: tulishughulikie, au tuliache? Swali hilo la pili ni muhimu kama la kwanza, maana kila kasoro unayoifukuza inaongeza muda, dawa ya rangi na hatari.

(a) Upanuzi. Hili ndilo la kwanza kwa uzito. Tunatafuta mahali stenti ilipobana kuliko pote na kupima eneo. Kisha tunapima njia ya damu kabla na baada ya stenti, mahali palipo pazima, tunachukua wastani, tunagawanya. Makubaliano ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2018 yanataka zaidi ya asilimia 80 ya wastani huo. Kuna pia kipimo cha moja kwa moja: eneo dogo kabisa lizidi milimita za mraba 5.5 kwa IVUS, au 4.5 kwa OCT. Tofauti inatokana na vyombo vyenyewe, IVUS hupima kubwa kidogo. Kwa shina kuu la kushoto, ateri mama inayolisha sehemu kubwa ya moyo, namba ni kubwa zaidi. Watafiti wa Korea mwaka 2011 walitoa hesabu rahisi kukumbuka: 8 kwenye shina, 7 kwenye njia panda, 6 mwanzo wa tawi la mbele, 5 mwanzo wa tawi la pembeni.

(b) Kugusa ukuta. Uzi wa stenti usiogusa ukuta unabaki ukiogelea kwenye damu. Mtu akiona hivyo mara ya kwanza hushtuka. Lakini uwazi usiofika milimita 0.4, na urefu wake usiofika milimita 1, kwa kawaida unaachwa. Tishu itaota na kuufunika. Mkubwa zaidi ya hapo, hasa karibu na mdomo wa stenti ambapo waya unaweza kuja kupita upande usio wake, unasawazishwa kwa puto pana zaidi.

(c) Kingo. Pale chuma kinapoishia na mshipa laini unapoanza, ukuta unaweza kuchanika. Mpasuko mdogo hupona wenyewe. Unaotusimamisha ni ule unaozidi nyuzi 60 za duara, unaozidi urefu wa milimita 2, na ulioingia hadi tabaka la misuli. Huo mara nyingi unahitaji stenti nyingine ya kuufunika.

(d) Mahali pa kutua. Ncha za stenti zinatakiwa zitue mahali ambapo ukoko haujafika nusu ya eneo lote la mshipa. Ukitua katikati ya ukoko mzito wenye mafuta, umepanda mbegu ya tatizo la kesho. Hili ni afadhali lipimwe KABLA ya stenti, ili uchague urefu sahihi, kuliko kuligundua baadaye.

(e) Vinavyochungulia. Baina ya nyuzi za wavu huweza kupenya tishu au bonge la damu kuja ndani. Kidogo si neno. Kikiwa kingi mpaka kinabana njia, kinashughulikiwa.

Mkisahau yote, shikeni (a). Kati ya makosa yote yanayoonekana kwa ndani, kutofunguka vya kutosha ndiko kunakohusishwa zaidi na kuziba tena na mabonge ya baadaye.

6. KISA CHA MJOMBA

Nina ruhusa yake kukisimulia. Mjomba wangu ana miaka 61, yuko Tanga, na kisukari amekuwa nacho muda mrefu. Aliwekewa stenti moja katika hospitali moja nje ya nchi, akarudi na furaha, akachinja mbuzi. Baada ya miezi 14 akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hebu niambie, si walisema mshipa umefunguka? Nikaonyeshwa mpaka picha. Mbona kifua kimerudi pale pale, nikipanda ngazi mbili tu nakaa chini?"

Nilimwomba jambo moja: aende hospitali mara moja, na aende na CD na ripoti. Alipelekwa hospitali nyingine, na safari hii waliingiza IVUS. Ripoti walinitumia, nami nikaisoma kama ninavyosoma za kazini. Wastani wa njia nzima kabla na baada ya stenti: milimita za mraba 8.5. Mahali stenti ilipobana: 3.9. Gawanyeni wenyewe: asilimia 46. Na nyuma ya chuma, kalsiamu imezunguka zaidi ya robo tatu ya duara, kama pete. Puto la kwanza lilikuwa limesukumana na jiwe, na jiwe likashinda.

Sisemi daktari wa kwanza alizembea. Nimeitazama CD, ile angiografia ya mwisho inapendeza, na mimi pia ningeiona imekaa vizuri. Ndiyo maana ya somo hili. Picha ya ndani pia ilizuia kosa la pili, maana bila hiyo mtu angeweza kuona "stenti imeziba" na kuweka stenti nyingine humo humo. Chuma juu ya chuma, ndani ya pete ile ile ya jiwe, njia ingezidi kuwa nyembamba. Badala yake walitumia puto lenye kutoa mawimbi ya mshtuko, teknolojia inayofanana na ile ya kupasulia mawe ya figo, wakafuatia na puto gumu lenye shinikizo kubwa. Mwisho wakapima: 6.1. Haikufika asilimia 80, ni 72, lakini imevuka 5.5, na daktari aliona kuendelea kusukuma kungeweza kupasua ateri. Akasimama hapo. Mjomba anapanda ngazi, na dawa hajaacha.

7. USHAHIDI UKOJE?

Msomi hasadiki kisa kimoja, hata kama ni cha mjomba wake. Tutazame majaribio ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu.

Korea, mwaka 2015, wagonjwa 1,400 waliohitaji stenti ndefu za milimita 28 au zaidi: baada ya mwaka mmoja, waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 2.9 kwa upande wa IVUS na 5.8 kwa upande wa angiografia peke yake. China, mwaka 2018, wagonjwa 1,448 wa kila aina: asilimia 2.9 kwa 5.4. Korea tena, mwaka 2023, wagonjwa 1,639 wenye mishipa migumu kutibu, IVUS au OCT kwa chaguo la daktari: asilimia 7.7 kwa 12.3.

Lakini uaminifu wa kitaaluma unatutaka tutaje na la nne. Mwaka huo huo wa 2023, jaribio kubwa la kimataifa la OCT, wagonjwa 2,487, lilipata stenti zilizofunguka zaidi, 5.72 kwa 5.36. Hata hivyo tofauti ya kushindwa kwa mshipa baada ya miaka miwili, 7.4 kwa 8.2, haikutosha kuitwa ushindi. Mabonge ndani ya stenti yalikuwa machache, asilimia 0.5 kwa 1.4. Mimi naisoma hivi: pale kazi ilipo rahisi na mikono ni ya wazoefu, faida ni ndogo, pale mshipa ni mrefu, una kalsiamu, una njia panda au ni shina kuu, faida ni kubwa. Na ndivyo miongozo inavyosema. Ule wa Ulaya wa mwaka 2024 na ule wa Marekani wa mwaka 2025 kuhusu mshtuko wa moyo yote inaipa picha ya ndani daraja la juu kabisa la mapendekezo kwa shina kuu na mishipa yenye matatizo ya namna hiyo.

8. NA KWETU JE?

Siku hizi si lazima kila mgonjwa apande ndege. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, na Nairobi zipo hospitali zenye kathlabu. Swali ni bei. Katheta ya picha imetengenezwa kutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa, na bei yake inaongezwa juu ya bei ya stenti. Kwa familia iliyochangishana ukoo mzima, hilo si dogo. Sitaki kuja hapa na maneno ya "lazima kila mtu" wakati najua harambee zinavyofanywa.

Ila nina matatu ya kusema. La kwanza, chombo kikiwa kichache kipewe wanaokihitaji: shina kuu, stenti ndefu, kalsiamu nyingi, njia panda, figo dhaifu, na kila stenti iliyoshindwa. La pili, funzo la Milano bado linafanya kazi. Kupima mshipa kwa makini, kulainisha kalsiamu kabla ya kuweka chuma, na kumalizia kwa puto gumu la atmosfia 16 hadi 20, yaani mara saba au nane ya upepo wa tairi la gari dogo, ni mambo yanayowezekana hata pasipo na IVUS. Na anayejifunza huku kwa kutumia picha anarudi nyumbani na jicho lililozoea kushuku kivuli. La tatu linatuhusu sote, hata wa sheria na uchumi: mzee wako akiwekewa stenti, omba kwa heshima ripoti na CD. Ndani yake pawepo ukubwa na urefu wa stenti, ateri gani, shinikizo lililotumika, na kama picha ya ndani ilipigwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari wa pili.

Na dawa! Aspirini pamoja na mwenzake, klopidogreli au nyingine ya jamii hiyo, kwa kawaida huchukua miezi 6, au 12 kama ilikuwa mshtuko wa moyo. Daktari anaweza kufupisha au kurefusha kwa sababu zake. Jirani hawezi. Stenti iliyofunguka vibaya na dawa iliyoachwa mapema, vikikutana, ni hatari kubwa.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

i. Eneo kabla ya stenti ni 8.0, baada yake ni 6.0, dogo kabisa ndani ya stenti ni 5.2, kwa OCT. Imefaulu?
ii. Uwazi wa milimita 0.3, urefu 0.8, upanuzi asilimia 88. Utafanya nini?
iii. Angiografia safi, lakini IVUS inaonyesha mpasuko ukingoni, nyuzi 90, urefu milimita 3, hadi tabaka la misuli. Je?

Majibu: (i) Wastani ni 7.0, upanuzi ni asilimia 74. Imevuka 4.5 lakini haijafika 80. Tanua tena kama mshipa unaruhusu. (ii) Acha, funga kazi, mpongeze daktari. (iii) Usiridhike na kivuli. Huo unahitaji kushughulikiwa.

Aliyekosa la pili asihuzunike, wengi hulikosa, kwa kuwa jicho likiona kasoro mkono unawasha. Mwenye swali anione baada ya mkutano wa jumuiya, au amwachie mhariri. Nawatakia mitihani mema, na wapigieni wazee simu.